Kupiga na Kupigwa Picha: Maisha ya Kila Siku ya Nairobi ya Kikoloni katika Picha Kuukuu

Utangulizi

Katika Kiswahili cha Nairobi, na cha pwani kadhalika, mtu anayetaka sura yake ibaki katika karatasi husema kwamba anakwenda kupiga picha. Fundi mwenye kamera naye, akiulizwa kazi yake, husema kwamba yeye hupiga picha. Kitenzi ni kimoja, kauli ni moja, na viima viwili vinavyosimama pande mbili za kamera hudai tendo lile lile. Lakini lugha hiyo hiyo ina kauli ya kutendwa, na mtu aweza kusema kwamba alipigwa picha. Hapo kiima kimegeuka kuwa mpokeaji wa tendo, na mtenda aghalabu hatajwi.

Tofauti hii ya kisarufi ina historia nyuma yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba picha kuukuu za Nairobi ya kikoloni hugawanyika kwa kadiri ya kauli hizi mbili. Ziko picha za watu waliopigwa, na ziko picha za watu waliokwenda kupiga. Mhakiki anayetaka kujua maisha ya kila siku ya wakati huo hana budi kuuliza kwanza ni kauli ipi iliyoitawala picha iliyo mbele yake, kwa sababu kila kauli huonyesha jambo na kuficha jingine. Aidha, makala yatadai kwamba swali hili ni la wataalamu wa lugha kama lilivyo la wanahistoria, kwa kuwa picha haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na maelezo yaliyoandikwa chini yake, au yanayosimuliwa na mwenye kuionyesha. Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mbele ya picha kuukuu methali hiyo hupungukiwa, kwa kuwa mtazamaji huambiwa tazama, na huambiwa pia atazame nini.

Mfano utakaozingatiwa zaidi ni eneo la kusini-magharibi na magharibi mwa Nairobi, yaani Kibera na Kawangware. Eneo hili lafaa kwa sababu tatu. Kibera ilianza kama makao ya askari wa serikali ya kikoloni, na kwa hiyo ilijulikana na dola tangu mwanzo. Kawangware ilikuwa upande wa Dagoretti, pembezoni mwa nchi ya Wakikuyu iliyotengwa kuwa rizavu, karibu na mashamba ya kahawa ya misheni ya St. Austin's. Na ndani ya Kibera ya leo kuna kijiji kiitwacho Soweto West, kijiji cha wapangaji, ambacho jina lake limesafiri kutoka Johannesburg. Kwa hiyo katika eneo dogo hukutana watu walioachiwa picha na wazee wao, watu ambao wazee wao walipigwa picha na wageni, na watu ambao hawana picha yoyote ya zama hizo.

Picha za waliopigwa

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na kamera ilifika pamoja nayo. William D. Young alipiga picha za ujenzi wa reli hiyo, na baadaye alikuwa na studio yake mjini Nairobi. Picha za reli za wakati huo zina mtazamo unaojirudia: katikati pana daraja, kituo au injini, na watu husimama kando. Mara nyingi kazi yao katika picha ni kuwa kipimo. Mtazamaji aliyeko London aliweza kukadiria urefu wa daraja kwa kulilinganisha na kimo cha mtu. Mtu huyo ndiye aliyebeba mataruma na kuchimba njia, lakini katika mpangilio wa picha amekuwa rula.

Picha za wanaethnografia zilikuwa na shabaha nyingine. Mwaka 1910 W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine walichapisha kitabu chao juu ya Wakikuyu, With a Prehistoric People. Yafaa kukiri kwamba kitabu hicho kina thamani. Picha zake na maelezo yake juu ya ufuaji wa chuma na ufinyanzi yamehifadhi ujuzi ambao bila hayo ungefuatiliwa kwa taabu. Hata hivyo anwani yenyewe ni hukumu. Watu walio hai, waliokuwa wakilipa kodi ya nyumba kwa serikali na kusikia honi ya gari la moshi, waliitwa watu wa kabla ya historia. Ili anwani hiyo isipingwe na picha, ilibidi kodi, reli na soko la kazi vikae nje ya fremu. Maisha ya kila siku yaliyoonyeshwa ni ya kweli katika vipande vyake, kwani mfinyanzi alifinyanga na mfua chuma alifua, lakini yameondolewa katika wakati wake.

Aina ya tatu ni albamu za walowezi. Kamera ndogo za Kodak, zilizoanza kuuzwa kwa bei nafuu mwaka 1900, ziliwawezesha watu wasio mafundi kupiga picha za nyumbani kwao. Hapa ndipo maisha ya kila siku yanapoingia fremuni bila kualikwa. Mlowezi alikusudia kuonyesha nyumba yake, bustani yake, farasi wake na watoto wake. Pembeni mwa picha, huku nusu ya mwili imekatwa na ukingo wa karatasi, huonekana mpishi, yaya, au kijana wa shamba. Huyo hakuwa mhusika mkuu, na kwa hivyo hakupangwa. Mkao wake, kitambaa begani mwake, na macho yake yaliyoelekea mahali pengine ni ushahidi ulioponyoka. Lakini maandishi ya chini, yanapomtaja, humtaja kwa kazi yake, au kwa jina moja lisilo na baba.

Aina hizi tatu zina desturi moja ya kiisimu. Maelezo yake hutaja kabila, jinsia na kazi: mwanamke wa Kikuyu abebaye kuni, wapagazi wa Kikamba, askari wa Kisudani. Nomino ni ya jumla na kitenzi hakina wakati. Anayebeba kuni katika maelezo ya namna hiyo hazibebi leo wala jana. Anabeba daima, kama kwamba kubeba ni maumbile yake. Hakuna anayeambiwa kuni zile zilikuwa za nyumba gani, wala kama zilikuwa zinapelekwa sokoni Nairobi kupata fedha za kodi. Mpigaji naye hatajwi mara nyingi. Hivyo sentensi yote imekosa mtenda na imekosa jina la mtendwa. Kilichobaki ni tendo lenyewe na mali ya dola.

Mwaka 2011 Hifadhi ya Taifa ya Uingereza ilifungulia umma maelfu ya picha zilizokuwa za Wizara ya Makoloni, na zile za Afrika zikiwamo. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini kufunguliwa kwa sanduku hakubadilishi lugha ya vibandiko vilivyomo. Mtafiti aliyezipokea picha hizo alipokea pia sarufi iliyozipanga.

Shingo, uso na gunia

Kauli ya kutendwa ilifikia kilele chake pale picha ilipogeuka kuwa chombo cha ulinzi. Sheria ya kuwaandikisha wafanyakazi Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na ilianza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na habari za mwajiri, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kipande hakikuhitaji picha, kwani kidole kilitosha. Lakini mhakiki atazamaye picha za Nairobi za baina ya vita viwili hana budi kutazama shingo. Kikasha kile kinapoonekana kifuani, picha imetaja sheria ambayo maelezo ya chini hayakuitaja.

Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, uso uliongezwa juu ya kidole. Wakikuyu walitakiwa wawe na vitambulisho vyenye picha. Katika mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa agizo hilo lilipingwa, na wako waliochagua kupoteza kazi na makao kuliko kuketi mbele ya kamera ya serikali. Upinzani huo wafaa kufikiriwa kwa makini. Si haki kuueleza kwa imani za kishirikina, kana kwamba watu waliogopa kivuli chao kuchukuliwa. Walikuwa wameelewa vyema kazi ya picha ile: ingemwezesha polisi asiyewajua kuwajua, bila wao kumjua yeye.

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, na maelfu ya watu walitiwa kizuizini. Picha za siku hizo zinafahamika sana: safu za wanaume waliochuchumaa chini, mikono kichwani, askari wamesimama juu yao. Katika misako ya wakati huo watoa habari walifunikwa kwa gunia lenye matundu mawili ya macho, na Wakikuyu walikiita kifuniko hicho gakũnia, yaani kigunia. Mtu aliyevaa gunia aliona bila kuonwa, na kwa kutikisa kichwa aliamua nani aende kizuizini. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa uhusiano kati ya kamera ya dola na raia. Kamera nayo ina tundu, na aliye nyuma yake haonekani.

Hata hivyo zama hizo hizo zilitoa wapigapicha waliotazama kutoka upande mwingine. Priya Ramrakha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935 katika jamaa ya waandishi wa habari wenye asili ya Kihindi, alianza kwa kupiga picha za gazeti la Colonial Times lililomilikiwa na jamaa yake. Aliishuhudia Hali ya Hatari akiwa kijana, na baadaye akafanyia kazi majarida ya Marekani, hadi alipouawa Nigeria mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra. Kazi zake nyingi zilikuwa zimesahauliwa hadi zilipokusanywa katika kitabu mwaka 2018. Picha za Ramrakha zaonyesha kwamba kauli ya kutendwa haikulazimishwa na kamera kama chombo. Ililazimishwa na mahali ambapo mwenye kamera alisimama, na nani alimlipa.

Picha za waliokwenda kupiga

Kibera ni neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Waliokaa humo kwanza walikuwa askari wenye asili ya Sudani, ambao wazee wao walitoka katika jeshi la Emin Pasha huko Ekwatoria, wakaandikwa na Lugard mwaka 1891, na hatimaye wakaingizwa katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi kuwa eneo hilo, lenye kiasi cha ekari 4,197, ni hifadhi ya jeshi. Askari aliyestaafu na jamaa yake walikaa kwa idhini, bila hati ya kumiliki. Tume ya Ardhi iliyotoa ripoti yake mwaka 1934 iliwaona kuwa wapangaji wa Taji kwa hiari ya serikali. Kwa hiyo Mnubi wa Kibera alitumikia dola kwa bunduki, akaishi chini ya ruhusa yake, na lugha yake, krioli iliyotokana na Kiarabu na iliyochunguzwa na Bernd Heine katika kitabu cha mwaka 1982, ikawa lugha ya watu wasio na nchi katika madaftari ya serikali.

Katika nyumba za watu hawa ndimo zilimohifadhiwa picha za kauli ya pili. Mpigapicha Mmarekani Greg Constantine alizikusanya baadhi yake na kuzichapisha, pamoja na picha alizopiga yeye mwenyewe, katika kitabu Kenya's Nubians: Then & Now cha mwaka 2011. Humo askari ameonekana katika sare yake, lakini amesimama kwa ajili ya mke na watoto, wala si kwa ajili ya ofisa. Wako maarusi, wako akina mama waliojitanda gurbaba, ziko jamaa zilizopangwa kwa umri mbele ya nyumba. Hawa hawakupigwa. Walichagua siku, wakachagua nguo, wakachagua nani akae na nani asimame.

Thamani ya kwanza ya picha hizi ni kwamba zina majina. Na jina katika albamu ya nyumbani halikai tu mgongoni mwa karatasi. Hutolewa kwa mdomo, mwenyeji anapomfungulia mgeni albamu na kutaja huyu ni nani, alizaliwa na nani, alikwenda vita gani, Uhabeshi au Burma, na nani alirudi. Tendo hilo ni utanzu wa fasihi simulizi ambao haujapewa nafasi inayostahili katika mitaala. Lina fanani na hadhira, lina fomula zake, lina mahali pa kunyamaza. Picha ni kiegemeo tu, na matini yenyewe ni nasaba inayosimuliwa juu yake. Anayekusanya picha bila kurekodi usimulizi wake amechukua ganda na kuacha punje.

Lakini mhakiki asilewe kwa sababu picha hizi zapendeza. Picha ya aliyekwenda kupiga nayo huficha. Huficha kwanza siku ya kazi. Nguo zilizovaliwa ni za Idi au za arusi, viatu ni vya siku hiyo, na pengine koti ni la kuazima. Jembe, mtungi, pombe ya magendo iliyowalisha watoto wa wajane wengi wa Kibera, na safari ya alfajiri kwenda kutafuta kibarua mjini, vyote hivi havikualikwa. Kwa hiyo msomaji anakabiliwa na kinaya. Picha iliyompa mtu heshima imemnyima siku yake ya kawaida, na picha iliyomnyima jina, ile ya pembezoni mwa albamu ya mlowezi, imehifadhi kitambaa chake, ndoo yake na uchovu wake. Maisha ya kila siku hayamo kamili katika kauli moja. Yamo katika kuzisoma kauli hizo mbili pamoja.

Ushahidi na hatari yake

Mwaka huo huo wa 2011, tarehe 22 Machi, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wenye asili ya Kinubi, ambao hawakuwa na uhakika wa uraia tangu kuzaliwa. Vijana wa jamii hiyo walikuwa wakipitishwa mbele ya kamati za uchunguzi kabla ya kupewa vitambulisho, na kudaiwa hati za wazazi na za babu zao. Katika mazingira hayo picha kuukuu haiwezi kubaki pambo la ukutani. Picha ya babu mbele ya nyumba ya Kibera ni hoja: tulikuwapo. Mpangilio wa kitabu cha Constantine, wa zamani na sasa, umejengwa juu ya hoja hiyo, na nguvu yake haikanushiki.

Mwezi Juni 2017 serikali ya Kenya iliikabidhi jamii ya Wanubi hati ya ekari 288 za Kibera. Ukilinganisha na zile za mwaka 1918, ni chini ya sehemu moja ya kumi na nne. Hata hivyo hati ni hati, na wazee waliosubiri karne nzima waliipokea.

Hatari yaanzia hapo. Picha inapofanywa hati ya nchi, asiye na picha hubaki bila hoja. Sehemu kubwa ya wakaaji wa Soweto West, na ya vijiji jirani kama Gatwekera na Kianda, ni wapangaji ambao asili yao ni Nyanza, Magharibi, Ukambani au kwingineko. Wazee wao pia walikuwako Nairobi ya kikoloni. Walijenga barabara zake, walifua nguo zake, walilinda maghala yake usiku, na sheria za mji zikawakataza kukaa baada ya kazi kwisha. Hawakuwa na nyumba ya kusimama mbele yake, na mshahara wao haukuacha kitu cha kumpelekea mwenye studio. Kutokuwamo kwao katika picha kulisababishwa na mfumo ule ule uliomfanya Mnubi awe mpangaji wa Taji. Haifai ukosefu huo usomwe leo kana kwamba ni dalili ya ugeni.

Jina la Soweto lenyewe laweza kutoa funzo. Soweto ya kwanza, ambayo jina lake lilifupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi na kukubaliwa rasmi mwaka 1963, ilikuwa mahali pa kuwaweka wafanyakazi Waafrika mbali na mji wa Johannesburg. Huko Afrika Kusini, Alfred Duggan-Cronin alichapisha kati ya miaka ya 1928 na 1954 majuzuu ya picha za watu aliowaita makabila ya Kibantu, akiwaonyesha kama watu wasioguswa na migodi, ilhali wengi walikuwa wakiishi kwa migodi. Santu Mofokeng, aliyezaliwa Soweto mwaka 1956 na kufariki mwaka 2020, alijibu kwa njia nyingine. Katika kazi yake The Black Photo Album / Look at Me alikusanya picha za studio zilizohifadhiwa na jamaa za Waafrika wa mijini, za baina ya 1890 na 1950, na kati yake akaweka maswali: hawa ni akina nani, walitamani nini, picha hizi zina maana gani kwetu?

Tofauti kati ya Mofokeng na Constantine ni tofauti ya namna ya kuhoji. Constantine aliziita picha zitoe ushahidi, na hali ya Wanubi ilimpa haki ya kufanya hivyo. Mofokeng aliziuliza bila kuziapisha. Picha iliyoapishwa hulazimika kujibu swali moja tu, la kuwako au kutokuwako. Picha inayoulizwa yaweza kukiri kwamba koti ni la kuazima, kwamba mzee huyu alifuata mtindo wa bwana wake, kwamba yule aliyekaa pembeni hakuna amjuaye. Uhakiki wa picha za Kibera unahitaji njia ya pili bila kuidharau ya kwanza.

Kurudisha jina

Je, waliopigwa waweza kurudishiwa kauli yao? Mfano mmoja watoka Nyanza, mkoa walikotoka wazee wa wapangaji wengi wa Soweto West. Mwaka 1936 Evans-Pritchard alipiga picha miongoni mwa Waluo, na picha hizo zikahifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford. Mwaka 2007 Christopher Morton na Gilbert Oteyo walizirudisha, pamoja na nyingine za kikoloni, katika maonyesho yaliyofanyika magharibi mwa Kenya kwa jina la Kijaluo Paro Manene, yaani kuyatafakari yaliyopita. Umuhimu wa jambo hilo uko katika kubadilika kwa msomaji. Picha iliyopangwa kwa kabila na mada sasa ilitazamwa na watu wenye kuuliza ukoo, boma na mama. Sura ile ile, karatasi ile ile, lakini maelezo ya chini yameanza kuandikwa upya.

Kazi hiyo ya kuandika upya ni ya kilugha, na idara za Kiswahili zina deni ndani yake. Mengi ya makusanyo makubwa ya picha za Afrika Mashariki yako nje ya Afrika Mashariki. Mkusanyiko wa Winterton peke yake, ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za baina ya 1860 na 1960. Maelezo yake yaliandikwa kwa lugha za waliotawala. Kuyatafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno kutakuwa ni kuhamisha nomino zile zile za jumla kutoka lugha moja hadi nyingine. Mwanamke wa Kikuyu abebaye kuni atabaki hana jina katika Kiswahili kama alivyokuwa hana katika Kiingereza.

Maelezo yanayofaa yangefuata kanuni chache. Mtenda atajwe: nani alipiga, kwa ajili ya nani, kwa malipo ya nani. Mtendwa atajwe kwa jina na ukoo pale jina lijulikanapo, na pale lisipojulikana iandikwe waziwazi kwamba halikuandikwa, badala ya kuliziba pengo kwa jina la kabila. Kitenzi kipewe wakati wake. Na vitu vya pembezoni vihesabiwe: kikasha cha shingoni, viatu au ukosefu wa viatu, pazia la studio au ardhi tupu nyuma ya mtu. Shingo husema juu ya sheria, miguu husema juu ya mshahara, na mandhari ya nyuma husema kama mtu alikwenda kupiga au alikutwa akapigwa.

Hitimisho

Picha kuukuu za Nairobi ya kikoloni hazikosi ukweli. Zimekosa sentensi kamili. Dola, mtaalamu na mlowezi waliandika sentensi zenye tendo bila mtenda na mtu bila jina. Jamaa za Kibera ziliandika, au zilisimulia, sentensi zenye majina lakini zilizoacha nje siku ya kazi. Wazee wa watu wa Soweto West na Kawangware, walio wengi, hawakuandikiwa sentensi yoyote. Wanaonekana, wakionekana, ukingoni mwa picha za watu wengine, na huko ndiko mhakiki anapopaswa kuwatafuta.

Uraia na ardhi visiamuliwe kwa kauli moja tu ya kitenzi. Albamu ya Mnubi wa Kibera ni shahidi mwaminifu wa kuwako kwake, na yastahili kuaminiwa. Ukosefu wa albamu katika chumba cha mpangaji wa Soweto West nao ni shahidi, wa mshahara na wa sheria za mji ule, na mwenye kuzisoma picha za mji huo hana budi kuwasikiliza mashahidi wote wawili.